Kiwanda Kisicho na Moshi

Januari 7

Nimemsikia Shemeji redioni leo. Nilikuwa jikoni kwa Mama namenya vitunguu, sauti yake ikaingia imetulia kama ya mtu anayefunga biashara. Mtangazaji alitaka kujua, yeye kama mwenyekiti wa wenye viwanda vya samani, anasemaje kuhusu ukungu mchafu unaolifunika jiji kila kiangazi.

"Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto," akajibu. "Basi njooni kwangu mnionyeshe moshi. Kiwanda changu hakina hata bomba."

Mama akaongeza sauti. "Ana ulimi mtamu huyu," akasema, naye alikuwa anamsifu.

Huyo mwenye ulimi mtamu ndiye aliyemuoa dada yangu. Walianza wote wawili na banda la mabati. Yeye akipiga randa, Dada akipulizia vanishi makabati, kitambaa kimefungwa puani, mwaka baada ya mwaka. Kifua cha Dada kilipoharibika, Shemeji alimrudisha hapa kwa Mama "akapumzike". Akapumzika mpaka kiangazi kilichopita, alipopumzika moja kwa moja. Kabla hajafumba macho, kule nyumbani kwake tayari kulikuwa na mwanamke mwingine anayefunua vyungu vyake. Siku ya mazishi Shemeji alifika kaburi limeshafukiwa. Alisema foleni.

Chuki yangu si ya kuwaka. Ni moto wa pumba: ukiutazama huuoni, ukitia mkono unaungua. Nimeanza kuandika kwa sababu nina jambo ninataka kulifanya kiangazi hiki, na nikishalifanya nataka niwe na mahali pa kulisoma polepole, kama mtu anayetafuna muwa.

Januari 9

Kazini. Mkuu wa ofisi alituita wote. Sisi kazi yetu ni kutabiri hewa ya jiji: kesho itapumulika au haitapumulika. Baraza la jiji limetuandikia. Mwezi wa tatu kutakuwa na kikao cha wazi kuamua kama viwanda vya samani vihamishwe nje ya jiji, na wanataka tuwaambie ukungu huu ni wa nani.

Shida ni kwamba hatujui. Modeli yetu, yaani ile programu inayoiga hewa ya jiji ndani ya kompyuta, inajua moshi tu. Inahesabu kinachotoka kwenye mabomba na magari, kana kwamba chembe zote za uchafu huzaliwa zikiwa watu wazima. Lakini mashine za kupimia za Kipimo, fundi wetu wa vipimo, zinaonyesha kitu kingine kila siku: chembe laini hupanda alasiri, jua likiwa kali, barabara zikiwa hazina magari. Chembe hizo hazikutoka kwenye bomba lolote. Zimezaliwa hewani. Mvuke wa thina ya kuchanganyia vanishi, wa petroli, hata wa majani ya miti, unapikwa na jua kwa saa kadhaa, unakuwa mzito, unanata, unashikana, mwisho unakuwa chembe ya kuingia pafuni.

Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza kukosa bomba, akakosa moshi, na bado akalichafua jiji.

Hilo tunalijua wote pale ofisini. Ambacho hatukuweza ni kulihesabu. Mivuke ni maelfu kwa maelfu; ukiifuata mmoja mmoja, mashine yetu inatumia siku tatu kuiga siku moja. Kipimo ana utani wake: "Utabiri wetu wa kesho hutoka mtondo."

"Nani atajaribu kuifanya iwe nyepesi?" Mkuu akauliza.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Januari 12

Joto. Ukungu. Hakuna la maana.

Januari 17

Nimepata njia.

Muuza nyanya hazipi nyanya zake majina. Anazipanga kwa mafungu, kubwa huku, ndogo kule. Nami nimeacha kuifuata mivuke kwa majina yake. Nimeipanga kwenye vikapu vitano kwa kigezo kimoja tu: wepesi wa kuruka. Kikapu cha kwanza ni cha ile myepesi kabisa, inayobaki mvuke siku zote. Cha mwisho ni cha ile mizito, inayogeuka chembe papo hapo. Kila saa jua linahamisha kiasi fulani kutoka kikapu chepesi kwenda kizito. Basi. Maelfu yamekuwa matano.

Niliiwasha mashine, nikaenda kumimina chai. Niliporudi ilikuwa imemaliza siku nzima ya jiji, na chai yangu ilikuwa bado inaunguza mdomo.

Ofisi nzima imecheka. Wananiita Mama Vikapu. Wacheke tu.

Kisha nikafanya lile ambalo sikumwambia mtu sababu yake. Kila kikapu nimekigawa kwa wenyewe: cha magari, cha majiko ya kuni na mkaa, cha miti, cha viwanda vya vanishi. Kila mmoja nimempa rangi yake, ili chembe ikizaliwa tujue baba yake ni nani. Viwanda vya vanishi nimevipa nyekundu.

Januari 20

Shemeji amemletea Mama kiti kipya, cha kuegemea, kinang'aa. Mama amekikalia jioni nzima kama malkia. Mimi nimekaa kwenye mkeka.

Januari 29

Leo nimekimbiza modeli kwa wiki nzima ya ukungu. Ramani ilipofunguka nilishika meza. Karibu nusu ya jiji ilikuwa nyekundu.

Nilikaa naitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi. Nilijiona nimesimama mbele ya Baraza. Nilimwona yeye mstari wa mbele, na suti yake, na lile tabasamu lake la kuuzia makabati, likimdondoka kipande kimoja kimoja. Nilijiuliza nitavaa nini siku hiyo. Nikaamua nitavaa gauni la Dada, lile la bluu. Sijapata kufurahi namna ile tangu tumzike.

Kipimo akapita nyuma yangu na kikombe chake, akasimama.

"Mama Vikapu," akasema, "na miti?"

"Miti gani?"

"Ule msitu wa kupandwa, kule juu ya jiji. Wakati wa jua unatoa mvuke mwingi kuliko viwanda vyote. Naona umeuwekea tone tu."

Nikamwambia nitaurekebisha baadaye.

"Halafu tazama Jumapili," akaendelea. Akaweka vipimo vyake kando ya ramani yangu. "Jumapili viwanda vimefungwa. Nyekundu yako inapotea, sawa. Lakini chembe nilizopima mimi hazipotei. Zinapanda alasiri vilevile. Sasa Jumapili anazizaa nani?"

Alipoondoka nikakumbuka kwamba ana kaka yake anafanya kazi ya kupulizia vanishi kiwandani kwa Shemeji. Nikaanza kuelewa mambo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Februari 2

Nimeiweka miti kama inavyotakiwa. Nimerekebisha majiko, nimerekebisha magari. Jumapili sasa inalingana na vipimo, na Jumatatu, na siku zote. Modeli inakwenda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda.

Nyekundu imebaki kama ukucha.

Nikairudia. Nikairudia tena. Zamani ningepewa siku tatu za matumaini kabla ya habari mbaya. Sasa, kwa ufundi wangu mwenyewe, habari mbaya inafika kabla chai haijapoa.

Februari 3

Kuna namba moja ndani ya modeli inayosema katika mvuke wa thina, ni kiasi gani hatimaye hugeuka chembe. Waliopima kwenye maabara hawakubaliani. Wako wanaosema kidogo, wako wanaosema kingi. Mtu anaruhusiwa kuchagua. Nimechagua kubwa kuliko zote kwa thina, na ndogo kuliko zote kwa miti. Hakuna atakayeniita mwongo. Kila namba ina mwenyewe aliyeipima.

Nyekundu imevimba tena. Matokeo hayo nimeyahifadhi kwa jina "Ya Dada".

Februari 5

Kipimo anataka kuona matokeo. Nimemwambia mashine ina hitilafu.

Februari 8

Ukungu mzito. Mama anakaa kwenye kiti chake na kumsifu aliyekitengeneza. Nimeuma meno.

Februari 11

Mpwa wangu amekuja kutusalimia, binti ya Dada. Amemaliza shule, anasubiri chuo. Ana kimo cha mama yake, na ule ulegevu wa mabega akicheka. Tunaonana kwa nadra kwa sababu anaishi kwa baba yake, na mimi kule sikanyagi.

Alinikumbatia, nikapata harufu. Nikadhani ni mawazo yangu. Nikamshika mkono, nikatazama kucha. Zilikuwa za kahawia, pembeni zimekauka.

"Hiki nini?"

"Vanishi, mama mdogo." Akacheka. "Haitoki hata kwa mafuta ya taa. Kuna mpulizaji mmoja kaacha kazi, nikamwambia Baba anipe mimi mpaka chuo kifunguliwe. Mafundi wote wanasema nina mkono wa Mama."

Mama alikuwa pale. "Mkono wa mama yake kabisa," akasema kwa furaha.

"Unavaa nini puani?" nikamuuliza.

"Kitambaa. Barakoa zinatia joto."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya."

Kisha akakohoa. Si kikohozi kikubwa. Kikavu, cha kugonga tu, kama mtu anayebisha hodi. Akanywa maji, akaendelea na habari zake.

Nilimfuata nje alipokuwa anaondoka. "Mwanangu, acha ile kazi. Nakuomba. Nitakutafutia nyingine ofisini kwetu."

Uso wake ukabadilika. "Mama mdogo, wewe unamchukia Baba mpaka pua yako inanusa visivyokuwepo. Mimi sina mwingine. Mama hayupo. Nimebaki na Baba." Akaondoka bila kugeuka.

Nimerudi ofisini ingawa si zamu yangu. Nikaifungua modeli nione inasema nini kuhusu lile banda. Haisemi kitu. Modeli inalikata jiji katika miraba, kila mraba unameza mtaa mzima. Mvuke wa banda la Shemeji ukiingizwa tu kwenye hesabu, unachanganywa na hewa ya mtaa wote, unakuwa mwepesi kama sala ya mvivu. Kwa modeli, banda halipo. Mlango haupo. Mtu aliyesimama ndani na kitambaa puani hayupo.

Na ili mvuke uwe chembe unahitaji jua na saa nyingi. Dada hakuwahi kuzingoja. Aliuvuta ukiwa mvuke, mdomoni kwa bomba la kupulizia. Ukungu wa jiji haukumuua dada yangu. Banda ndilo lililomuua, na silaha niliyoichonga kiangazi chote haioni ndani ya banda.

Februari 14

Nimekwenda kiwandani. Niliapa sitapakanyaga, nimepakanyaga.

Ofisi ya Shemeji iko ghorofani, juu ya banda la kupulizia. Ngazi ni za mbao, na kwenye kila kipago harufu inaongezeka. Alinipokea vizuri. Siku zote anapokea watu vizuri.

"Karibu, shemeji. Umepotea."

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Mtoto yupi? Yule ni mtu mzima, kaomba kazi mwenyewe. Mama yake kaifanya kazi ile miaka."

"Na mama yake yuko wapi?"

Alitazama dirishani, nikaona kwamba neno limemgusa, na kwamba hajui alipeleke wapi. "Kila mtu na siku yake, shemeji," akasema mwishowe.

Ndipo akakohoa.

Vifupi viwili, kisha kirefu cha kuvuta, kama droo iliyokwama. Nilikisikia kikohozi hicho mwaka mzima nyuma ya ukuta kwa Mama. Nakifahamu kama ninavyofahamu sauti yangu.

"Una kifua?" nikamuuliza.

"Vumbi la mbao tu." Alijifuta mdomo kwa leso, akaikunja haraka. "Nasikia unatuhesabu. Hesabu kwa haki. Mimi sina moshi."

Nilishuka zile ngazi kama mtu aliyepewa zawadi. Miaka yote hiyo amekaa juu ya banda, hewa yake ndiyo hewa ya banda. Hajui. Mke wake mpya hajui. Najua mimi peke yangu. Sihitaji Baraza, sihitaji modeli, sihitaji gauni la bluu. Ninyamaze tu. Ninyamaze, nimwachie banda lake limalize lilichokwisha kuanza.

Nilifika getini natabasamu. Hapo nikasikia vicheko, nikageuka. Wapulizaji walikuwa wametoka kupumzika kidogo, wamekaa juu ya mbao, na katikati yao mpwa wangu, kitambaa kimemning'inia shingoni. Hakuniona. Alikuwa anacheka huku mabega yamelegea, kisha akainama akakohoa, na mwenzake akampigapiga mgongoni.

Banda ni moja. Hewa ni moja. Nikimwacha mmoja afe, nimewaacha wawili.

Februari 16

Mpwa hapokei simu.

Februari 19

Nimemwambia Mama. Nimemweleza yote: thina, kifua, kikohozi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye mikono ya kile kiti.

"Mtoto ni wa baba yake," akasema. "Na wewe, hasira zako zitakuzeesha. Mimi nilizika mtoto wangu. Unataka nikubali kwamba kauawa na mkwe ninayemkaribisha chai?"

Nilikuwa na jibu. Nilimtazama usoni, nikalimeza.

Februari 21

Mpwa hapokei.

Februari 26

Nimemwendea Kipimo. Nilimkuta juu ya paa anasafisha mashine zake. Nikamuuliza kama anaweza kupima mvuke ndani ya jengo.

"Naweza. Kinachonishinda ni kuingia. Bila idhini ya mwenye jengo, au amri ya Baraza, nikiingia ni mwizi." Aliweka bisibisi chini. "Unauliza lile banda."

"Nauliza lile banda."

"Kaka yangu anakohoa," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Nimewahi kuwaandikia wenye viwanda mara mbili, hawajibu. Wanasema tutapima nini, hata moshi hawana."

Nilijisikia mdogo. "Sasa kwa nini ulinibana na ile miti yako? Ungeniacha, ningemfungia kiwanda."

"Ungemfungia kwa wiki moja. Wana wakili mkali. Angekuuliza kuhusu Jumapili, kama nilivyokuuliza mimi, ungekwama. Na baada ya hapo, nani angetusikiliza tena? Kaka yangu angekohoa mpaka kaburini, na kila tukifungua mdomo tungeambiwa nyie si ndio wale wa nyekundu."

Nilikaa pale kwenye paa, jiji lote limelala chini yetu ndani ya ukungu wake. Mwezi mzima, moyoni, nilimwita huyu mtu jasusi wa Shemeji. Nikamwambia kuhusu "Ya Dada".

Hakushangaa. "Futa," akasema. Akaendelea kusafisha.

Februari 27

Nimeifuta. Si kwa wema. Nimepata kitu bora zaidi.

Shemeji anachokitaka kuliko vyote ni kusafishwa mbele ya watu. Nitamsafisha. Nitampa anachokitaka kwa mikono miwili, akipokee, akibane kifuani, aseme asante kwa sauti.

Machi 4

Ninafanya mazoezi mbele ya kioo. Mkuu ameyapenda matokeo. Anasema jiji lolote lenye mashine ndogo kama yetu linaweza kutumia vikapu hivi. Nimeitikia. Sikuwa namsikia.

Machi 12

Kikao.

Ukumbi ulijaa. Shemeji alikaa mstari wa mbele na wakili wake, nyuma yao wenye viwanda, na nyuma kabisa wafanyakazi walioletwa kupiga makofi. Kaka yake Kipimo alikuwemo. Mpwa wangu alikuwemo, amekaza macho kwenye sakafu. Sikuvaa gauni la bluu. Nilivaa nguo za kazi.

Nilieleza vikapu, nikaeleza jua, nikaeleza chembe zinavyozaliwa. Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja wa miwani, aliuliza maswali mazuri. Kisha nikaonyesha ramani. Ukungu wa jiji ni wa magari kwanza, halafu majiko, na miti inachangia. Viwanda vya vanishi vina sehemu yao, nikasema, lakini ni ndogo. Mkivihamisha vyote, ukungu mtauona palepale.

Ukumbi ukanguruma. Wenye viwanda wakapiga makofi. Mpwa akainua macho akanitazama kama mtu asiyeamini.

Shemeji akasimama. Hakuna aliyemwita, alisimama tu.

"Mheshimiwa, huyu ni shemeji yangu. Watu wengi hapa wanajua hanipendi, na mimi simlaumu, tumefiwa sote. Lakini mtu asiyekupenda akikusemea kweli, kweli hiyo haina doa. Mimi kwa niaba ya wenzangu nazikubali hesabu zake, naikubali ofisi yake, na vipimo vyao navikubali, leo na siku nyingine yoyote."

Makofi tena. Nikangoja yaishe.

"Naomba katibu anisaidie," nikasema. "Maneno hayo yameandikwa?"

"Yameandikwa," akasema katibu.

"Basi niongeze jambo moja, Mheshimiwa. Hesabu zangu zinaanzia nje ya mlango. Zinaona mvuke ukishatoka kwenye banda na kuchanganyika na hewa ya mtaa. Kule ndani, kabla haujatoka, wanaposimama watu wanaopulizia, sijui kuna nini. Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyewahi kuruhusiwa kupima. Lakini mwenyekiti wa viwanda amekubali vipimo vyetu siku yoyote. Mimi naomba iwe kesho."

Wakili alimvuta Shemeji kwenye mkono wa koti, lakini alikuwa amechelewa. Wafanyakazi wa nyuma walikuwa wameanza kunong'onezana. Kaka yake Kipimo akasimama. Alikohoa tu, akiwa amesimama, bila kuziba mdomo. Mwingine akasimama kando yake.

"Mwenyekiti wa viwanda," yule mama akasema, "una pingamizi?"

Shemeji alinitazama. Tabasamu lilikuwa bado lipo lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Alifungua kinywa, kikohozi kikamtangulia: viwili vifupi, na kile kirefu.

"Sina," akasema.

Nimekula vizuri leo. Nimelala mchana kama mtoto.

Machi 13

Kipimo ameingia bandani na mashine yake, na mtu wa Baraza. Kioo cha mashine kiliandika namba, kikaandika kubwa zaidi, kisha kikaacha kabisa kikabaki na mistari mitupu: hewa ile imezidi uwezo wa mashine. Akapanda ghorofani kwa Shemeji. Mistari mitupu.

Mabanda yote ya kupulizia yamefungwa kwa amri ya Baraza mpaka yawekwe feni za kuvuta mvuke na barakoa za kweli.

Machi 16

Wake wa wapulizaji wamekuja getini kwa ofisi yetu. Mmoja amenitukana matusi ambayo nilikuwa sijayasikia tangu shuleni. "Wewe mshahara wako unaingia, wetu umeufunga." Nilisimama nikamsikiliza mpaka akachoka. Ana haki. Kaka yake Kipimo naye yuko nyumbani bila kazi. Kipimo anasema kikohozi chake kimepungua kidogo, na hasira imeongezeka.

Sijutii. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye.

Machi 19

Shemeji amekuja kwa Mama, na binti yake nyuma. Hakubisha hodi. Mama alisimama kumpisha kile kiti, akakikataa.

"Umeniua, shemeji," akaniambia. "Wateja wamekimbia. Wenzangu wamenivua uenyekiti. Umenijengea mtego mbele ya mji mzima, ukanivika shada kwanza. Umeniua."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu siku aliyofika kaburini amechelewa. Nilikuwa nimeandaa majibu mengi, mengine ya kusomwa kwa sauti.

"Sikukuua," nikasema. "Nimekuongezea miaka. Usinishukuru, sikukusudia."

"Unasema nini?"

"Vifupi viwili, kisha kirefu. Usiku ukilala upande wa kushoto kinazidi. Asubuhi unatema kwenye leso na kuikunja mtu asione. Dada alikuwa anaifua hapa, leso yake. Namjua mgonjwa wa lile banda hata akiwa gizani. Ningeweza kunyamaza. Nilitaka kunyamaza. Bahati yako ulimweka mtoto wa dada yangu pamoja nawe."

Mama alikaa chini, kwenye mkeka, taratibu. Shemeji alipeleka mkono mfukoni penye leso, akaurudisha mtupu.

"Baba," mpwa akasema. "Unakohoa tangu lini?"

Shemeji alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona akiogopa. Hofu ilianzia kwenye macho ikateremka mpaka mikononi. Sikugeuza uso. Niliitazama mpaka nikashiba, kwa niaba yangu na kwa niaba ya asiyekuwepo.

Kisha nikampa jina la daktari wa kifua aliyekuwa akimtibu Dada.

Kesho asubuhi nitawapeleka wote wawili kwa gari langu. Mpwa atakaa mbele pamoja nami. Yeye atakaa nyuma.